Niliambiwa ni Vidonda vya Tumbo

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ipuli, Manispaa ya Tabora. Kisukari nilianza kuishi nacho bado nafundisha, na presha ikafuata, kama inavyofuata kwa wengi wetu. Mshipa mkubwa wa mbele wa moyo wangu uliziba kabisa, ukafunguliwa, na leo naandika haya nikiwa barazani kwangu na pumzi zangu zote. Alhamdulillahi. Nawaandikia wanawake wa rika langu ambao hivi sasa wanameza dawa za vidonda vya tumbo asubuhi na jioni ilhali ugonjwa wao uko kifuani. Nawaandikia pia watoto wao wanaoambiwa kwamba mshipa ukishaziba mia kwa mia basi imekwisha.

Ugonjwa wangu ulianza kama uchovu tu. Kutoka kwangu hadi gengeni si mbali. Ni njia ya mchanga yenye miembe ya zamani pembeni. Nikifika mwembe wa kwanza, kifua kinabana. Uzito unakaa hapa katikati, unapanda shingoni, unafika kwenye taya mpaka meno ya chini yanauma, na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Nasimama kivulini, nafungua kipochi, najifanya natafuta chenji ili wapita njia wasiniulize. Baada ya muda kidogo kunaachia, naendelea. Nikirudi nimebeba kapu la michembe na unga, nasimama tena na tena. Usiku nikilala sina tatizo. Nikikaa kusuka ukili sina tatizo. Nikiinuka kwenda msalani haraka, kifua kinanikumbusha.

Katika zahanati niliyokwenda kwanza niliulizwa kama nakula kwa wakati. Nikajibu kwamba sili kwa wakati, maana ni kweli. Nikaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Zilipokwisha niliandikiwa nyingine zenye nguvu zaidi, nikakatazwa maharage, pilipili na machungwa. Hakuna aliyeniuliza maumivu yanakuja saa ngapi wala nikifanya nini. Tangu nipone nimezungumza na wenzangu, walimu na wasio walimu, hapa Tabora na Nzega na Urambo, nikakuta njia yao ni hii hii: gesi, vidonda, uchovu, mawazo, umri. Mwanamume akishika kifua, watu wanakimbilia kuutaja moyo. Mwanamke akishika kifua, anaulizwa amekula nini au amegombana na nani. Nami mwenye kisukari nilikuwa katika hatari zaidi, kwa sababu kisukari huharibu mishipa ya damu polepole bila kelele, na wakati mwingine huyapoza hata yale maumivu ambayo yangemwonya mtu mapema.

Aliyeniokoa ni daktari kijana wa zamu pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Nilikwenda kwa ajili ya kliniki ya kisukari. Alinyanyuka alipoona napanda ngazi ya mlango nimeshika ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Hicho kifua, mama, kinakubana ukiwa umekaa au ukitembea?"

Swali ni hilo tu. Nilimweleza habari ya miembe. Hakuniandikia dawa ya tumbo. Nilivuliwa bangili, nikapakwa maji ya baridi kifuani, nikabandikwa vile vishikizo vya kipimo cha umeme wa moyo, na karatasi ikatoka ikiwa na mistari yake. Aliitazama, akaipeleka kwa mwenzake, wakarudi wote wawili. Kipimo cha eko, kile cha picha ya moyo, kikafuata. Misuli ya upande wa mbele wa moyo ilikuwa inasukuma kwa uvivu, lakini ilikuwa hai. Nikapewa aspirini, dawa ya kupunguza lehemu, vidonge vya kuweka chini ya ulimi, na barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam.

Kwa reli ya zamani, Tabora hadi Dar es Salaam ni kilometa 840. Sisi tulipanda basi mpaka Dodoma kwa njia ya Itigi na Manyoni, kisha treni ya umeme, ile ya SGR ambayo safari zake za Dodoma zilianza mwaka 2024. Mtu mzima hana haja ya kuelezwa jinsi basi linavyomtikisa mgonjwa wa moyo. Binti yangu, anayesomea uuguzi, alikaa na vile vidonge mkononi njia nzima. Nilipokuwa nafundisha historia niliwaeleza watoto habari za pori tulilokuwa tunalipita, la kutoka Tura hadi nchi ya Wagogo, ambalo misafara ililiita Mgunda Mkali kwa ukosefu wake wa maji. Wapagazi wa Kinyamwezi walilivuka wakiwa na pembe begani, wengine hawakufika. Mwaka 1873 mwili wa mmisionari Livingstone ulipitishwa hapa Unyanyembe na wafuasi wake, akina Chuma na Susi, ukafika Bagamoyo Februari 1874. Moyo wake walikuwa wameuzika huko huko alikofia, Chitambo, katika Zambia ya leo. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Kwihara, kwenye tembe alimokaa mwaka 1872, na niliwasimulia kisa hicho kama somo lolote lile. Ndani ya basi kilinirudia kwa namna nyingine, nikamwomba Mungu wangu nirudi Tabora na moyo wangu ukiwa unadunda.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko pale pale Muhimbili. Serikali iliianzisha rasmi mwaka 2015, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China. Kabla ya hapo Watanzania wengi wenye moyo mbovu walisubiri wapelekwe India, au walisubiri tu. Watu wa kwetu wanaifahamu kwa redio. Mimi niliifahamu kwa benchi zake, na kwa idadi ya watu niliowakuta hapo kutoka Kigoma, Katavi, Songea na Mtwara, kila mmoja na bahasha yake ya kaki.

Nilifanyiwa kipimo cha kuangalia mishipa ya moyo. Sindano inachomwa kwenye kifundo cha mkono, mpira mwembamba unaingizwa kwenye mshipa hadi moyoni, kisha dawa inamwagwa ambayo inaonekana kwenye eksirei. Unakuwa macho. Unasikia joto likitambaa kifuani dawa inapoingia. Kwenye kioo niliona mishipa yangu ikichorwa myeusi, ikitokea na kufutika, na mmoja ukaishia katikati, mkato. Sikuhitaji kutafsiriwa.

"Mia kwa mia," binti yangu alisema nje, akinisomea majibu, na sauti ikamkatikia hapo.

Nitasema kweli kuhusu siku zilizofuata, maana ushuhuda usiosema kipindi hicho haumsaidii aliye ndani yake. Tulifikia kwa shemeji yangu, Temeke. Bima yangu ya mstaafu ilibeba vipimo na sehemu kubwa ya matibabu, na kwa hilo naishukuru miaka yangu ya kukatwa mshahara. Lakini bima hailipi nauli ya anayekuuguza, wala chakula, wala kitanda cha ugenini. Mume wangu, fundi wa reli aliyestaafu, aliuza ng'ombe wawili na mzigo wa asali aliokuwa ameuweka akisubiri bei. Kundi la walimu tuliosoma pamoja lilichangishana kwenye simu, elfu tano tano, elfu kumi kumi, na mwalimu mmoja wa Sikonge alituma elfu mbili na ujumbe wa kuomba radhi kwamba ndizo alizonazo. Ile elfu mbili ilinitoa machozi. Ndugu walikuja na maoni yao. Mmoja alitaka nirudi nyumbani nikatibiwe kienyeji. Mwingine alisema kufungua kifua na kupandikiza mshipa ndiyo njia pekee, na mwingine akamjibu kwamba kwa kisukari changu kidonda hicho hakitafunga. Wa mwisho hakusema kitu, aliniangalia tu, na macho yake yalikuwa yananiaga. Niliacha kula. Niliacha hata kuuliza maswali, jambo ambalo halijapata kunitokea tangu nizaliwe.

Kilichonirudisha ni kueleweshwa. Daktari bingwa alituita ofisini, akachukua karatasi, akageuza nyuma, akachora mrija.

Alianza na mshipa wenyewe. Ukuta wake una tabaka tatu. Mafuta, chokaa na kovu hujijenga ndani ya ukuta huo kwa miaka, na siku moja njia inafunga. Mshipa ukiwa umefunga kabisa kwa miezi mitatu au zaidi, kizibo kinakuwa kigumu, mara nyingi na kofia ya kovu na chokaa juu yake. Mimi sikufa, alisema, kwa sababu vimishipa vidogo kutoka upande wa kulia vilijitanua taratibu vikawa vinapeleka damu kidogo ng'ambo ya kizibo. Damu hiyo inanitosha nikiwa nimekaa. Nikitembea hainitoshi. Ndiyo maana ya miembe yangu.

Kisha akatueleza kazi inavyofanyika. Mwaka 1977, mjini Zürich, daktari Andreas Grüntzig alipanua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho kwa kutumia kijiputo kilichopitishwa ndani ya damu. Miaka michache baadaye John Simpson wa Marekani alikuja na waya unaotangulia mbele ya puto, wenye ncha iliyopinda kidogo, ambao daktari anauelekeza kwa kuuzungusha mkia wake kwa vidole. Tangu hapo, kila kitu hupita juu ya waya: puto, stenti (kile kijimrija cha wavu kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa), vyote. Waya ukipita, vingine hufuata. Usipopita, hakuna kitakachopita. Unene wake ni inchi 0.014, karibu theluthi moja ya milimita, na urefu wake unazidi mita moja na nusu.

"Sasa shida yangu, mama, ni hii," alisema. "Eksirei hainionyeshi mshipa wako. Inanionyesha dawa iliyomo ndani ya mshipa. Palipoziba dawa haipiti, kwa hiyo pale sioni kitu. Waya unaweza kuingia chini ya ukuta nikadhani niko njiani."

Nilimwambia, "Baba, unamhitaji kirangozi."

Alicheka, kwa kuwa hakulijua neno hilo, ikabidi nimfundishe. Katika misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kuja Tabora na kwenda Ujiji, kirangozi ndiye aliyetangulia. Alibeba mzigo mwepesi kuliko wengine, alivaa mapambo yake, na nyuma yake ulikuwa mstari mrefu wa watu wenye mizigo wasioona mbele. Njia ikigawanyika, aliweka matawi kwenye njia isiyo sahihi ili wa nyuma wasiifuate. Mzee wangu alitusimulia hivyo, naye alisimuliwa na babu yake aliyebeba.

Daktari aliweka kalamu chini. Akasema jambo hilo la matawi wao wanalo. Waya wa kwanza ukiingia njia ya uongo, hawauchomoi. Wanauacha pale pale ukiwa umeiziba njia ile na kuionyesha, kisha wanaingiza waya wa pili kando yake uitafute njia ya kweli. Kuanzia dakika ile nilirudiwa na hamu ya kuuliza.

Macho ya kirangozi huyu wa waya ni sauti. Ni ile ile ultrasaundi ambayo mjamzito anapimwa tumboni, ila kifaa chake kimefanywa kidogo mpaka kikaenea kwenye ncha ya mpira wa unene wa milimita moja hivi, na mitetemo yake ni mingi zaidi, baina ya milioni 20 na 60 kwa sekunde. Nicolaas Bom wa Rotterdam alitengeneza mpira wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 Paul Yock na wenzake huko California wakaufikisha kwenye mishipa ya moyo ya binadamu. Mpira huo hupita juu ya waya, hutuma sauti pande zote, na sauti ikirudi inachora mduara: hapa njia ya damu, hapa ukuta, hapa mafuta, hapa chokaa. Daktari anaona mshipa umeziba kwa kitu gani, ni mpana kiasi gani, na waya wake uko ndani ya njia au umejificha chini ya ukuta.

Hakuniahidi kupona. Alisema atapanga siku ambayo kifaa hicho kitakuwepo pamoja na wenzake wageni waliobobea katika mishipa iliyoziba kabisa, na kwamba nirudi nyumbani na dawa nisubiri kuitwa. Nilisubiri Ipuli. Kusubiri kuna uchungu wake. Nilikuwa nikiamka alfajiri kuswali huku nikihesabu mapigo kwa vidole, na simu ya hospitali ilipopigwa mume wangu aliipokea akiwa amesimama wima, kama anavyopokea amri za kazini.

Tulirudi Dar es Salaam. Chumba cha kazi hiyo ni baridi sana. Nilifunikwa kwa shuka za kijani, nikachomwa kifundoni na kwenye nyonga, kwa sababu walitaka kumwaga dawa pande mbili kwa wakati mmoja: kushoto ili waone kofia ya kizibo, kulia ili waone mshipa unakoendelea ng'ambo. Waya hutoka kwenye paketi ukiwa umezungushwa ndani ya mrija wa plastiki wa duara, unasafishwa kwa maji ya chumvi, na daktari anaikunja ncha yake kidogo sana kwa ncha ya sindano. Nilitarajia chombo cha kutisha. Niliona kitu chembamba kuliko uzi wa kushonea gunia, na maisha yangu yote yalikuwa hapo.

Mpira wa ultrasaundi uliingizwa kwanza kwenye tawi la pembeni, karibu na pale mshipa ulipokatika. Kioo cha pili kikawaka. Kulikuwa na mduara wa kijivu ukitetemeka kwa kila pigo la moyo, na upande mmoja wa mduara ule kulikuwa na kipande cheupe chenye umbo la mwezi mwandamo, nyuma yake giza. Muuguzi aliyeshika bega langu alininong'oneza kwamba ile nyeupe ni chokaa, sauti haipenyi, ndiyo maana nyuma yake kuna kivuli. Pembeni ya mwezi ule palikuwa na sehemu laini. Daktari aliinyooshea kidole, akasema, "Tunaingilia hapa." Kwa eksirei peke yake sehemu ile haikuonekana kabisa.

Waya wa kwanza uliingia, ukaenda kidogo, ukaacha njia. Nililijua hilo kwa ukimya wao. Wakauacha. Wakaleta wa pili. Daktari alikuwa akiuzungusha baina ya kidole gumba na cha shahada, nusu duru kulia, nusu duru kushoto, na uso wake haukuangalia mkono hata mara moja. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi moyoni. Ikapita muda mrefu. Wakapitisha puto dogo kabisa, kisha ule mpira wa sauti tena, na mtu mmoja nyuma ya kioo cha risasi akasema kwa sauti, "Ndani! Uko ndani." Hapo wakapima upana wa mshipa kwa ule mduara, wakachagua stenti ya kipimo chake, wakaiweka, wakapima tena kuona kama imefunguka vizuri na kukamata ukuta kote. Dawa ilipomwagwa mara ya mwisho, mshipa uliokuwa unakatika katikati ulishuka mpaka chini, na matawi yake yote.

Nililia. Muuguzi alinifuta machozi kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imefungwa.

Binti yangu amerudi chuoni na swali ambalo limemshika, na nataka wasomaji walijue kwa sababu linawahusu watakaougua baada yangu. Mpira wa ultrasaundi nilioingiziwa mimi unaangalia pembeni. Unaonyesha mahali ulipo, hauonyeshi mbele. Daktari alilazimika kuutumia kutokea kwenye tawi, kisha kuutoa, kisha kuusukuma waya katika sehemu ambayo ameshaiona lakini sasa haioni, kisha kuurudisha tena kuhakiki. Wahandisi wanajitahidi kuviunganisha hivi viwili: kifaa kimoja kinachojongea kwa kuelekezwa, chenye ultrasaundi kwenye ncha inayotazama mbele, ili daktari aone kizibo kabla hajakigusa na apinde kona huku anaona. Chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, ni moja ya mahali ambapo kazi hiyo imefanyiwa utafiti. Ugumu wake unaeleweka hata kwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndani ya unene wa theluthi ya milimita inabidi pakae kipande cha kutoa na kupokea sauti, nyuzi za kupeleka umeme, na nyuzi za kuvuta ncha ipinde, na bado waya wenyewe ubaki laini usitoboe mshipa na mgumu wa kutosha usikunjike. Ukiongeza kimoja, unapunguza kingine. Kisha kifaa chenyewe hutumika kwa mgonjwa mmoja tu na kutupwa, kwa hiyo bei ni sehemu ya ugumu.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Siwakubalii. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Korea Kusini wa wagonjwa 1,639 wenye mishipa migumu kutibika, wakiwemo walioziba kabisa kama mimi. Waliotibiwa kwa kuangaliwa mshipa kwa ndani, 7.7 katika kila 100 walipatwa na moja ya haya: kufa kwa moyo, shambulio la moyo kutokana na mshipa uliotibiwa, au kulazimika kuzibuliwa upya mshipa huo. Kwa waliotibiwa kwa eksirei peke yake walikuwa 12.3, katika muda wa miaka miwili hivi. Tofauti hiyo ni watu. Na mtu wa Tabora ndiye anayehitaji zaidi kazi ifanyike vizuri mara ya kwanza, kwa sababu hana hospitali ya moyo jirani ya kukimbilia stenti ikikaa vibaya. Kifaa kinachoona njia si anasa kwa anayeishi mbali. Anayeishi mbali ndiye wa kwanza kukistahili.

Nilirudi kwa treni na basi, njia ile ile. Siku ya kwanza ya kutoka nje peke yangu, mume wangu alinifuata nyuma kwa mbali akidhani simwoni. Nilipita mwembe wa kwanza, nikapita wa pili, nikafika gengeni, nikanunua nyanya. Kifua kilikuwa kimya. Siku hizi natembea kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Namenya viazi vyangu, nakula mlenda na ugali kidogo, chumvi nimepunguza, soda nimeacha. Dawa za kuzuia damu isigande ndani ya stenti sikuzikatisha hata siku moja, ingawa palikuwa na mwezi hazikupatikana kwenye duka la dawa la karibu ikabidi zitumwe kwa basi. Stenti haiondoi ugonjwa. Kisukari na lehemu zisipodhibitiwa, mshipa mwingine utaziba. Na kwa kuwa huu ni mkoa wa tumbaku, ambako mwanangu wa kiume naye aliijua sigara akiwa kijana mdogo shambani, nimemketisha nikamwonyesha picha ya mshipa wangu uliokatika. Ameacha. Namwombea asirudi.

Nina maneno kwa viongozi wetu wa afya. Tabora, Kigoma na Katavi zina watu wengi, na mgonjwa wa moyo wa upande huu anavuka mikoa kadhaa ili mshipa wake uangaliwe. Wapeni madaktari wa Kitete uwezo wa kupima na kuanza tiba mapema, wapelekeni vijana wetu wakajifunze kazi ya mishipa iliyoziba kabisa, na mnaponunua mitambo ya kuzibua mishipa msisahau ile inayomwezesha daktari kuona ndani. Bima ilipie vifaa hivyo kwa mwalimu wa Sikonge kama inavyomlipia mkubwa wa Dar es Salaam.

Na wewe mama, dada, shangazi unayesoma haya: kama kifua, shingo, taya au mkono vinabana ukitembea na vinaachia ukipumzika, nenda hospitali ukaseme maneno hayo hayo, "nikitembea kunabana, nikipumzika kunaachia." Sema kama una kisukari au presha. Omba kipimo cha umeme wa moyo kabla hujapokea dawa ya tumbo, na kikitoka kizuri huku maumivu yanaendelea, omba upelekwe mbele kwa vipimo zaidi. Kama maumivu yamekuja na hayaachii, usingoje kupambazuke. Amsha jirani, amsha dereva wa bajaji, nenda usiku huo huo.